Maziwa ya Shangazi Bishara

Dahabo Hirbo alianza kuogopa chai ya watu akiwa hakimu kijana kule Migori, siku alipomwona mshtakiwa akimkonyeza tarishi aliyemletea yeye kikombe. Tangu hapo hakunywa kitu ambacho hakukiandaa mwenyewe. Miaka kumi na tisa, vituo sita, na chupa yake ya chai kwapani. Watu walimcheka, naye hakujali.

Kisha akawa jaji, akaletwa Garsen, nyumbani kwao. Hapo ndipo shaka ilipopata malisho.

Kesi iliyomkosesha raha ilikuwa ya malka, njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Mkulima Hiribae, Mpokomo, alikuwa ameipanda migomba. Wafugaji wa Kiorma waliitaka ifunguliwe. Dahabo alipekua faili lote akitafuta jina la jamaa yake, hakulipata. Hata hivyo Wapokomo walinong'ona kwamba mwamba ngozi huvutia kwake. Waorma wenzake walipoona anakwepa salamu zao, wakasema ameshanunuliwa. Yeye naye aliwashuku wote, hata karani aliyemfungulia mlango.

Siku mbili kabla ya hukumu, Shangazi Bishara, aliyemlea na kumsomesha kwa kuuza maziwa, alibisha hodi akiwa na kibuyu kilichofukizwa moshi vizuri.

"Mwanangu, nimekuletea maziwa. Umekonda sana."

Kwao maziwa ya jamaa hayakataliwi. Anayeyakataa amekataa undugu. Dahabo alilijua hilo vizuri. Lakini mdomo ulitangulia.

"Shangazi, nani amekutuma?"

"Mimi? Nitumwe?" Mama mzee akakifunga kibuyu, akarudi alikotoka.

Hukumu ikasomwa: njia ifunguliwe, lakini Hiribae avune kwanza. Kila upande ulinuna, na Dahabo akaona hiyo ni dalili njema. Sasa kesi imekwisha. Angeweza kwenda kuomba radhi.

Alimkuta shangazi akiwagawia majirani maziwa, hata mpita njia mmoja asiyemjua. Dahabo alikaa mkekani kungoja zamu yake. Chupa ya chai alikuwa ameiacha garini kwa makusudi, na hamu ya maziwa yale ilimkausha koo.

Shangazi alimletea kikombe kwa mikono miwili. Kilikuwa na maji.

"Kunywa, mheshimiwa," alisema. "Hayo ni ya mto tu. Hakuna mtu amenituma."