Nilivyomtambulisha Baba wa Mchumba Wangu kwa Kihispania

Nilimwogopa sana Mzee Magesa, mvuvi wa Kirumba, ambaye alikuwa bado hajakubali nimuoe binti yake. Padri mgeni kutoka Hispania alipotutembelea kanisani, niliona nafasi ya kujipendekeza. Nilikuwa nimejifunza kwenye simu kwamba mvuvi kwa Kihispania ni "pescador". Mbele ya waumini wote nikatamka kwa haraka, "Padri, mzee huyu ni pecador! Pecador mkubwa!"

Padri alimshika mzee bega kwa huruma.

"Sista, huyu kijana amesemaje?" mzee akauliza.

Sista, aliyewahi kusoma Hispania, akainamisha kichwa. "Ameruka herufi moja, mzee. Amesema wewe ni mwenye dhambi mkubwa."

Mzee Magesa akanigeukia taratibu. Nikasahau hata Kiswahili.