Krismasi ya Nyuzi Mbili

Mwaka ule wa 2012 ulimtia Osea kinyaa kuanzia Januari hadi Desemba, na ukimwuliza atakwambia hivyohivyo. Kinyaa cha baa ya Tunduma alikokuwa akipiga gitaa, kinyaa cha bosi wake Makene, na kingine kikubwa zaidi ambacho hapendi kukitaja.

Nianze na kazi. Alipoajiriwa, bendi ilikuwa bendi kweli: watu watano, vyombo, jasho. Mwezi wa pili Makene akanunua flashi. Nyimbo zote zikawa humo, zimepigwa na watu wengine huko wanakokujua wenyewe, zinatoka kwenye spika, na nyinyi simameni mbele mjifanye mnapiga. Pleibeki! Mtu mzima wa miaka arobaini na moja anayumbisha kiuno, vidole vinakimbia kwenye gitaa lisilosikika, na madereva wa malori waliokwama foleni ya mpakani mwa Zambia wanampigia makofi na kumsalimia kwa Kibemba. "Ba Osea, mulishani! Leo umeua!" Ameua nini? Upuuzi mtupu. Siku ya kwanza alikwenda nyuma ya jukwaa akatema mate. Mwezi ulipokwisha alikuwa ameshazoea, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Baadaye gitaa lenyewe halikuwa tena la Makene. Lilikuwa gitaa kavu la baba yake, mzee Anyosisye, aliyefundisha kwaya kule kijijini kwao Mbebe miaka thelathini. Mzee alikuwa hafungi sala ya jioni nyumbani kwake mpaka apige wimbo mmoja, uleule kila siku, na mkewe Atuganile aitikie. Akafariki mwezi wa nne, gitaa likabaki kwa Osea. Siku ya mazishi Osea alilia mpaka akashindwa kulishika gitaa. Mama yake, ambaye macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, akampapasa akampata mkono.

"Nyamaza, mwanangu. Krismasi tutasafisha kaburi, utampigia siku hiyo. Nisikie mkono wa baba yako mara moja tu, inanitosha."

"Nitapiga, mama. Haki ya Mungu nitapiga."

Mwezi wa sita uzi wa kwanza ukakatika. Makene akacheka mpaka akajishika tumbo. "Uzi wa nini, ndugu yangu? Nani anausikia?" Wa pili ukafuata, wa tatu, wa nne. Nyuzi zinauzwa Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, unakwenda kwa miguu na unarudi chai yako haijapoa. Osea akasema kesho. Miezi sita, kesho! Tarehe ishirini na nne Desemba ndipo alipovuka, akakuta duka la vyombo vya muziki limefungwa mpaka mchana. Angengoja. Mbona foleni ya soda pale mpakani aliingoja? Lakini jirani palikuwa na mashati yanayong'aa, naye akajiambia msanii hawezi kwenda kwao na shati lililofubaa. Akarudi na shati. La zambarau, maua ya dhahabu kifuani. Mimi mwenyewe nikilikumbuka lile shati nasikia kichefuchefu.

Kule Mbebe kila kitu kilimchefua. Mdogo wake Barnaba, mwenye duka Vwawa, alikuwa amekuja na makreti ya soda na mdomo usiofungwa. Alitafuna nyama huku akisimulia bei ya bati, mafuta yakimchuruzika kidevuni, kisha akamgeukia kaka yake. "Msanii wetu! Redioni tutakusikia lini?" Watu wakacheka, na Osea akacheka nao. Alikichukia kicheko chake kuliko vyao.

Mama yake hakucheka. Aliuliza jambo moja tu.

"Umekuja nalo?"

"Nimekuja nalo, mama."

Kesho yake baada ya chai wakaenda kaburini wote. Wakang'oa magugu, wakapaka chokaa, wakasali. Kisha mama akaketi chini, akaipanga khanga yake vizuri magotini kana kwamba ibada ndiyo kwanza inaanza.

"Haya, Osea."

Akafungua mfuko. Alikuwa amejipangia uongo njia nzima, kwamba baridi ya huku imeliharibu, kwamba kondakta alilirusha juu ya mizigo. Mama hakungoja kuambiwa chochote. Alinyoosha mkono, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa akilifuta gitaa lile vumbi kila Jumamosi tangu aolewe. Kiganja kikapita kwenye tumbo la gitaa, kikapanda shingoni, kikasimama.

"Mbili," akasema. "Nyingine ziko wapi?"

"Zilikatika, mama."

"Lini?"

Uongo wote ukamkimbia. "Wa kwanza mwezi wa sita."

Mama akaurudisha mkono wake magotini. Bora angetukana.

"Kaka, shida iko wapi?" Barnaba akadakia. "Wimbo wenyewe ninao." Akatoa simu yake ya Kichina, ile yenye spika mgongoni, akabonyeza. Kwaya ya watu wasiowajua ikaanza kuimba wimbo wa mzee, kinanda kikipiga ngoma za kisasa, tu-tu-tu, juu ya kaburi ambalo chokaa yake ilikuwa haijakauka. Ptu! Ndugu wakainamisha vichwa kwa heshima. Mama akafungua kinywa aitikie, akashindwa kupata pa kuingilia, akakifunga.

Osea alikuwa amesimama, shati linameta, gitaa kifuani. Hakuna aliyemwambia afanye lolote. Vidole vyake vilianza vyenyewe, vikapanda na kushuka shingoni, vikibonyeza mahali ambapo hapakuwa na uzi, sawasawa na simu. Hata kiuno kikaanza kuyumba.

Mama alisikia kucha zikigonga mbao. Akageuza uso kuelekea mlio ule, akasikiliza kidogo, akaupata mkono wa mwanawe na kuufunika.

"Baba yako haoni," akamwambia kwa sauti ya chini. "Na mimi sioni. Unamwigizia nani?"