Mwambie Kabla Hajaona

Nakumbuka Jumamosi moja kuliko siku zote nilizoishi hapa Landani, mwanangu, na ilikuwa Jumamosi ya mvua tu, ndani ya ukumbi wa michezo kule Wembley. Nilikuwa msichana bado, miguu myepesi na kichwa kigumu. Nikikusimulia utanijibu kwa Kiingereza, najua. Jibu upendavyo, mradi usikie.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee pamoja na Mwanaidi, binti wa Unguja. Zamu moja, chai moja, basi moja la kurudi nyumbani. Jumamosi tulicheza badminton, kupiga kinyoya kwa raketi juu ya wavu, wawili kwa wawili. Aliyetufundisha alikuwa mama wa Kiindonesia, Ibu Ratmi. Ibu kwao ni kama sisi tunavyosema Mama. Ujanani aliichezea nchi yake, na maisha yake yote alicheza na mwenza, hata mara moja hakucheza peke yake. Kazi yake ilikuwa nyuma ya uwanja. Mwenzake alisimama karibu na wavu akimalizia na kupigiwa makofi, na Ratmi huku nyuma anakimbia kushoto kulia kama mama mwenye mapacha. Alisema hivyo mwenyewe, akicheka.

Alitufunza desturi yao. Kila kinyoya kikianguka, mmepata au mmekosa, mnagusana viganja. Hasa mkikosa. Aliyeharibu asiombe radhi kwanza. Mkono wa mwenzake uwe umeshafika.

Basi Mwanaidi akajifungua. Aliporudi uwanjani alikuwa mzito, usingizi haumtoshi, kinyoya kinampita naye anakitazama. Na tulikuwa tumejiandikisha mashindano ya vilabu, nami nilikuwa nayataka yale mashindano, mwanangu, kama mwenye saumu anavyoitaka futari. Akatokea dada mmoja wa Tooting, Mhindi ambaye wazazi wake walitoka Kampala, mkono wake una nguvu za ajabu, akaniomba tucheze pamoja. Nikakubali papo hapo. Usiache mbachao kwa msala upitao: methali hiyo niliijua tangu Tanga, lakini kuijua methali si kuitii.

Mwanaidi sikumwambia. Nilijidai ni huruma: ana mtoto mchanga, nisimvunje moyo, nitamwambia kesho. Kesho hiyo ikasogea mpaka ikafika Jumamosi ile ya mvua, siku ya mazoezi.

Ibu Ratmi alinikuta nafunga kamba za viatu, yule dada wa Tooting keshaingia uwanjani. "Mwenzako anajua?" akaniuliza. Nikasema atajua akifika. Akakaa kando yangu kwenye benchi. Hakupaza sauti, ila uso wake ulibadilika hata nikaona haya kabla hajasema neno.

Akanisimulia. Kambini kwao makocha ndio waliopanga nani acheze na nani. Yeye na mwenzake, Sulastri, walilala chumba kimoja tangu wakiwa wasichana wadogo. Jioni moja kocha akamwita Ratmi, akamwambia kuanzia kesho utacheza na mwingine. Akarudi chumbani. Wakala wali pamoja, wakacheka, Sulastri akamsuka nywele, na Ratmi akanyamaza. Asubuhi Sulastri akaja uwanjani na raketi yake, akamkuta Ratmi anapasha mwili moto na mwenzake mpya.

"Hakulia," Ibu aliniambia. "Alisimama pale kama mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa makosa. Halafu akaenda kukaa."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ratmi na huyo mpya walishinda, wakasafiri, wakavishwa medali. Alipostaafu ndipo alipofunga safari hadi mji wa Sulastri kumwomba radhi. Sulastri akampokea vizuri, akampa chai. Kisha akamwambia, "Kuniacha nilikusamehe siku ile ile, kocha ndiye aliyeamua. Lakini wali ule tuliokula, Ratmi! Nilikuwa nacheka nawe, na wewe ulikuwa unajua."

Ibu akajifuta macho kwa taulo.

"Sikukatazi kubadilisha mwenzako," akasema. "Mchezo ndivyo ulivyo. Lakini yule binti yumo kwenye basi sasa hivi, amemwacha mtoto wake. Toka nje ukamngoje."

Nikatoka. Nilisimama kituoni mvua ikininyeshea, na Mwanaidi aliposhuka, mfuko wa raketi begani, anatabasamu, nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia yote pale pale.

"Wewe!" akasema. "Mie n'natoka nyumbani na usingizi wangu, mtoto n'memwacha kwa jirani analia, kwa ajili yako. Kumbe wewe ushapata mtu?"

"Nimepata, dada. Nisamehe. Sikutaka uingie ndani ukamkute."

Machozi yakamlenga, na yangu yalikuwa yameshatangulia. Kisha akaninyooshea kiganja, kama tulivyozoea kinyoya kikituangukia. Nikakigusa. Akavuka barabara kungoja basi la kurudi.

Nisikudanganye kwamba yaliisha hapo. Alininunia. Kazini alinipa salamu tu, na chai akanywa peke yake, nami sikumlaumu. Lakini siku ya mashindano alikuja, mtoto kamfunga kanga kifuani, akakaa mbele kabisa. Tulipofungwa, maana tulifungwa, tena vibaya, yeye ndiye aliyecheka kwanza. Hadi leo ananipigia simu kutoka Unguja, alikorudi, kuniuliza kama nimekunywa dawa zangu.

Mwanangu, katika maisha utawaacha watu. Utahama nyumba, utabadili kazi, pengine hata uchumba utavunjika, na si kila kuachana ni ubaya. Lakini unayemwacha asisikie kwa watu, wala asijionee kwa macho yake kabla hujamwambia. Usile naye ukicheka hali moyoni umeshaondoka. Wala usijisingizie huruma. Mara nyingi tunayemhurumia ni nafsi yetu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Nenda, sema, kisha usikimbie. Kaa hapo mpaka amalize kukasirika, maana hasira ile ni haki yake.

Mungu akupe ulimi wa kweli na moyo mpole. Akujaalie wenzio wa kukukasirikia usoni pako na kukupenda kisogoni. Amin.