Barua ya mistari minne kutoka shirika la ndege

Saa moja kasoro robo asubuhi, Zoleka Mqikela anambandika mzee wa chumba namba tisa kitambaa cha moto mashavuni, anasubiri kidogo, kisha anashika wembe.

“Inua kidevu, baba. Hivyo hivyo. Leo mwanao anakuja, asikukute na manyoya kama mbuzi.”

Mzee anacheka bila meno. Zoleka, 47, hacheki. Yuko kazini tangu juzi, na magoti yanamuuma.

Ni mwaka wa kumi na mmoja anawaogesha, kuwalisha na kuwanyoa wazee katika nyumba hii ya kulelea wazee, Cape Town, kwa mshahara wa randi 5,400 kwa mwezi. Wote anawaita baba na mama. Baba yake mwenyewe alizikwa kijijini, huko Centane, mashariki mwa nchi, yeye akiwa bado njiani.

Ilikuwa Machi mwaka jana. Maziko yalipangwa Jumamosi asubuhi. Ndugu zake wa Cape Town waliondoka Alhamisi kwa basi, lakini Zoleka alikosa wa kumshikia zamu hadi Ijumaa mchana. Akakopa kwa wenzake, akakata tiketi ya randi 1,580 ya shirika la ndege la bei nafuu, ya kwenda East London, mji wenye uwanja ulio karibu na kijiji chao, saa tisa alasiri. Hakuwa amewahi kupanda ndege.

“Nilifika uwanjani saa saba na dakika ishirini,” anasema. “Niliogopa kuchelewa. Hata chooni sikwenda.”

Saa tisa ikapita. Saa kumi ikapita. Saa kumi na mbili jioni msichana wa kaunta akatangaza kwamba safari imefutwa, ndege ina hitilafu.

“Hitilafu gani, mwanangu?” Zoleka alimuuliza. “Ndege yetu ile pale inapakia watu.”

“Ile imepelekwa Durban, mama. Ya Durban ndiyo iliyoharibika.”

“Na mimi ninayezika kesho?”

“Kesho saa nne mtasafiri, mama. Samahani.”

Kijijini walimngoja. Jeneza lilikaa chini ya turubai hadi saa saba mchana, mvua ikaanza, na mchungaji alikuwa na maziko mengine ng’ambo ya mto. Zoleka alishuka kwenye gari la kukodi saa tisa. Kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa. Wanawake walikuwa wanasugua masufuria.

Mdogo wake, Mncedisi, alimtazama kuanzia viatu hadi kilemba.

“Wa basi wamefika jana. Wewe wa ndege ndiyo kwanza unatokea. Haya, dada, masufuria yale pale.”

Alipoeleza habari ya ndege, hakuna aliyemwamini. Binamu yao mmoja alikuwa uwanja wa East London Ijumaa ile, akaona ndege kutoka Cape Town ikitua. Ilikuwa ya shirika jingine, lakini nani alikuwa na hamu ya kusikia hilo? Shangazi zake wakasema mtoto wa kwanza amemkwepa baba yake. Mncedisi akaacha kupokea simu zake.

Hapo ndipo Zoleka alipoanza kulidai shirika.

Wiki ya tatu shirika lilimtumia hati ya punguzo la randi 500, itumike ndani ya miezi mitatu. Fadiela, mfanyakazi mwenzake, alimshauri aichukue yaishe.

“Nipande niende wapi?” Zoleka alimjibu. “Nimfukue baba nimzike tena?”

Akapiga simu akiwa mapumzikoni, muziki ukamlia sikioni hadi salio likaisha. Akaandika barua pepe kumi na nne, Fadiela akimsahihishia Kiingereza. Siku zake za kupumzika akazimalizia kwenye mabenchi ya ofisi ya serikali ya malalamiko ya wateja. Kila alipofika kulikuwa na ofisa mpya, akaanza upya: Machi, Ijumaa, baba, Durban.

“Mara ya tano nilikuwa nasimulia kama kifo cha mtu mwingine,” anasema. “Hilo ndilo lililonichosha. Si foleni.”

Agosti mwaka huu shirika likakubali kurudisha nauli na gharama za gari, jumla randi 2,900. Alichotakiwa ni kuweka sahihi tu. Hakuweka.

“Nataka na barua,” alimwambia ofisa. “Waandike kilichotokea.”

“Mama Mqikela, hela unapata. Barua ya nini tena?”

“Hela nitalipia madeni. Barua naipeleka nyumbani.”

Shirika lilisema halina utaratibu huo. Zikapita wiki sita nyingine. Kisha barua ikaja, mistari minne: kwamba abiria Zoleka Mqikela aliripoti saa 7:20 mchana, kwamba ndege yake ilihamishiwa njia nyingine, na kwamba kosa halikuwa lake. Aliisoma katika chumba cha kubadilishia nguo.

“Nilidhani nitalia. Nilikaa tu, viatu mkononi, hadi Fadiela akaja kuniita.”

Aliipiga picha akamtumia Mncedisi. Siku ya tatu simu ikaita.

“Miezi yote hii ulikuwa unahangaikia karatasi?” mdogo wake alimuuliza.

“Ulitaka nifanye nini? Neno langu hukulitaka.”

Alisikia ng’ombe wakilia upande wa pili.

“Njoo nayo, dada,” akasema Mncedisi. “Shangazi nitawaita mimi. Nitawasomea mwenyewe.”

Likizo ya siku kumi imekubaliwa, kuanzia katikati ya Desemba. Zoleka amekwisha kata tiketi ya basi litakalomfikisha Butterworth, mji wa karibu na kijiji, alfajiri. Huko ndiko Mncedisi atakakompokea, waende pamoja hadi kaburini kabla ya kuingia nyumbani.

“Nikamuuliza, na basi likichelewa?” anasema, akisuuza wembe. “Akaniambia, ‘Nitakungoja.’”