Dawa ya Mdomo Haipimwi kwa Kidole

Juzi nilikuwa duka la dawa pale Mafiga, homa imenitokea mdomoni. Mbele yangu alisimama mama mmoja mwenye shida hiyohiyo, kaziba mdomo kwa khanga.

Muuzaji akachukua tyubu ya dawa ya virusi, imeshafunguliwa. "Leta kidole, mama, nikupimie."

Mama akaficha mkono. "Hiyo imepita midomo ya nani?"

"Aah! Mbona mafuta ya kula mnapimiwa?"

"Mafuta ya kula hayagusi kidonda cha mtu. Hii kila mtu na yake, na mikono unanawa kabla na baada. Nipe nzima."

Akapewa. Akakagua mfuniko, akasoma tarehe ya kuisha, akaondoka bila kuaga.

Nikamwona mkorofi. Mji huu tunapimiana kila kitu, sukari mpaka sabuni ya unga, na anayehoji huonekana ana dharau.

"Wateja wengine wana maneno!" muuzaji akaniambia, huku akijipaka ile dawa kwenye lengelenge la mdomo wake, mdomo wa tyubu ukiligusa kabisa.

Kisha akaninyooshea. "Na wewe, kaka, nikupimie?"