Pengo la Mita Tatu

Ghorofa lililouziba mlima wa mama yangu nililichora mimi mwenyewe. Nalisema mapema, maana pale mtaani kwetu Mwembesongo bado kuna watu wanaomnunia mwenye kiwanja, na yule mzee hana kosa. Alikuja ofisini kwangu na hati yake na kiinua mgongo cha miaka mingi aliyofanya kazi kwenye mashamba ya miwa, akaniomba ramani ya nyumba ya kupangisha. Aliyechora ni mimi.

Kazi yangu ni hiyo, kuchora ramani za majengo, na ninaipenda kupita kiasi. Masharti ya ujenzi nayajua kwa kichwa: barabara ipi inaruhusiwa ghorofa ngapi, jengo liachane na mpaka kwa umbali gani, ngazi ziwe na upana gani. Mtu akiniletea mchoro wenye choo kisicho na dirisha, siku yangu inaharibika.

Mpango mpya wa mji ulipotoka, mtaa wetu, ambao tangu nizaliwe ulikuwa wa nyumba za chini, ukaruhusiwa majengo ya ghorofa nne. Niliufurahia. Niliwaeleza watu kwenye mkutano wa mtaa kwamba mji hauwezi kuendelea kutambaa mpaka Mikese, ni lazima tupande juu. Nilisimama mbele na ramani yangu, mama ameketi mstari wa pili, ananisikiliza kama vile mimi ni mgeni rasmi. Sikujua kwamba kiwanja cha kwanza kupanda juu kingekuwa kile cha nyuma ya jiko lake.

Mama yangu anauza viungo. Ndugu zake wanamletea kutoka milimani pilipili manga, mdalasini na karafuu, naye huvianika uani kwenye mikeka kabla ya kuvifunga. Pilipili manga ikinyeshewa ikiwa imeshaanza kukauka, inaota ukungu, na hapo huna mali tena. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hajatandaza mkeka, aliketi kwenye kigoda chake karibu na nguzo ya jiko akautazama mlima. Alikaa hivyo kwa muda wa kunywa kikombe kizima cha chai. Kisha alisema kama mvua itanyesha au la, na alichosema ndicho kilichokuwa. Wanawake wa mtaa wenye mpunga na mihogo yao walichungulia uani kwetu mmoja mmoja: "Shikamoo mama. Leo vipi, tuanike?" Naye alijibu anikeni, au subirini kwanza. Nimekua nikiona jambo hilo kila siku, ndiyo maana sikuwahi kulifikiria.

Nilipomweleza habari za ghorofa, aliuliza swali moja tu. "Mlima nitauona?"

Nikamwambia atauona. Niliahidi haraka, kisha nikaanza kutafuta namna ya kutimiza. Sheria ilimtaka mwenye kiwanja aache mita moja na nusu upande ule. Nilimwendea nikamwomba aache tatu, ili kati ya jengo lake na nyumba inayofuata libaki pengo la kuonea mlima. Hiyo ilimaanisha kila ghorofa ipoteze chumba kimoja. Yule mzee alikuna kidevu, akautazama mchoro, akasema, "Kama ni kwa ajili ya mama, chora." Hakuna sharti linalomlazimisha mtu kusema hivyo, na mpaka leo namheshimu.

Nilipima kwa makini. Nilisimama pale penye nguzo ya jiko, nikatazama, nikaweka alama, nikachora mstari kutoka jicho langu hadi kileleni. Hata ukuta wa uzio wa kiwanja kile, ambao ulikuwa sharti la kibali, niliuchora usizidi mabega yangu ili usizibe kitu. Mimi ni mrefu, lakini hilo halikunijia akilini. Jengo lilipokwisha, nilimpeleka mama uani, nikamsimamisha pale pale, nikamwonyesha. Mlima ulikuwa katikati ya pengo, mzima, na asubuhi ile ulikuwa wa buluu. Nilijiona bingwa. Mama akasema, "Naam, nauona. Mungu akubariki, mwanangu." Nikaenda zangu kazini nikipiga mluzi.

Miezi michache baadaye mvua iliwakuta watu wameanika. Mama alikuwa amesema anikeni. Pilipili manga yake mikeka miwili ililowa, na mpunga wa majirani ukalowa pia. Watu hawakumsema vibaya, walimpa pole. Ila niliposikia dukani mama mmoja akisema kwa upole kwamba bibi siku hizi mlima unampiga chenga, niliondoka bila kununua nilichokifuata. Ilitokea tena mara ya pili. Wanawake wakaanza kuangalia hali ya hewa kwenye simu, na kule kuchungulia uani kwetu kukapungua hadi kukaisha. Nilisema moyoni kwamba ni umri, macho yanachoka. Nilikuwa nikipanga kumpeleka kupimwa miwani.

Jumamosi moja nilifika asubuhi nikamkuta amesimama. Mkono mmoja umeshika nguzo ya jiko, mwingine umeshika kiuno, shingo ameinyoosha. Magoti ya mama hayapendi kusimama, na hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote.

"Shikamoo mama. Mbona umesimama?"

"Marahaba. Naangalia mlima."

"Si unaonekana lakini?"

"Unaonekana," alisema, akaingia ndani kunitafutia kikombe.

Nikaketi kwenye kigoda chake kumsubiri. Sijui kama nilikuwa nimewahi kukikalia tangu niko shule ya msingi. Nikainua macho kulitazama pengo langu, nikaona matofali. Ukuta wa uzio, ule nilioupima kwa mabega yangu, ulikuwa umeumeza mlima wote mpaka kileleni.

Alipotoka na chai nilikuwa bado nimekaa pale. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mteja yeyote. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa umeshafurahi," alisema.

Kisha akanieleza, bila kulaumu, kama anayemweleza mtu njia. Kuliona wingu siyo kazi, kazi ni kujua kama linatembea. Yeye hulilinganisha na nguzo ya jiko, anatulia, anangoja aone litakwenda upande gani na kwa haraka gani. Akiketi anatulia. Akisimama magoti yanamtikisa, na akitikisika anaona wingu limesogea kumbe aliyesogea ni yeye. Kwa hiyo alikuwa anabahatisha. Miezi yote ile mama yangu alikuwa akibahatisha, halafu akiomba radhi kwa majirani.

Nilitaka kwenda siku ile ile kwa yule mzee tupunguze ukuta. Mama alinikataza. "Keshaacha vyumba vyake kwa ajili yangu. Ukuta wa mtu usiuguse." Nikabishana naye, nikashindwa, jambo ambalo ni la kawaida.

Msaada ulitoka juu. Masharti yanakataza wapangaji kuanika nguo kwenye baraza zinazotazama barabara, kwa hiyo nilikuwa nimewachorea kamba za nguo juu ya paa, na vyuma vya kuzuia mtu asianguke. Ghorofa ya mwisho alihamia mwalimu aliyetoka Gairo. Asubuhi moja, akiwa na beseni lake, alimwona mama chini ameshika nguzo, akamsalimia kwa sauti. Mama naye akamuuliza: "Mwanangu, hebu niangalizie mlima. Wingu liko kichwani au mabegani?"

"Mabegani, bibi!"

"Linatembea au limetulia?"

Mwalimu hakujua. Kwao ni tambarare, mlima wa namna hii hakuuzoea. Mama akamwambia achague tundu moja kwenye vyuma, alitazame wingu kupitia hapo, atulie, angoje. Akatulia, akangoja, akajibu. Mama akasema anika, na hakukunyesha. Wiki haikupita wanawake wa ghorofa zote wakawa hawaaniki nguo bila kuuliza chini kwanza, na wale wa mtaani wakaanza kurudi uani, mmoja mmoja, wakijifanya wamepita tu. Mama akakirudia kigoda chake. Mimi nikawa na furaha ya mtu aliyesamehewa bila kuomba.

Mwezi uliopita shule zilikuwa zimefungwa, mwalimu amekwenda kwao. Nilifika asubuhi nikakuta pilipili manga mpya imemwagwa kwenye ungo, mikeka bado imekunjwa.

"Afadhali umekuja," mama alisema. "Panda wewe."

Nikapanda ngazi nilizozichora, nikihesabu vidato kwa mazoea, nikatokea paani. Mlima ulikuwa mbele yangu, hakuna kilichouziba.

"Wingu liko wapi?" sauti ya mama ilitoka chini.

"Juu!" nilisema.

"Juu wapi?"

Nikatazama. Niliwahi kuchora mstari kwenda kwenye kilele kile kwa kipimo cha milimita, na sikujua kichwa chake kinaishia wapi na mabega yanaanzia wapi. Nilijaribu kubuni jibu. Nikafikiria pilipili iliyo kwenye ungo, nikafikiria pia kwamba mama amezeeka, na kwamba siku moja nitapanda hapa na chini hatakuwapo mtu wa kuniuliza. Niliogopa kweli.

"Mama, sijui," nilisema.

Nilichungulia nikamwona ameketi, ameinua uso, kiganja juu ya macho.

"Kuna ndoo hapo mwalimu huikalia," alisema. "Igeuze, ukae. Usiwe na haraka, mie nakungoja."

Nikaigeuza ndoo, nikakaa.