Koti la Baba

Ofisini kwetu hapa mjini Kisii kuna mwanamke ambaye meza yake inatazamana na yangu, na kwa miaka mingi alinicheka kwa sababu ya mitumba. Nikiingia na blauzi ambayo hajaiona, atauliza, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, mzungu aliyeiacha alikufa kwa ugonjwa gani. Wenzetu wanacheka, nami nacheka nao, maana ukikasirikia utani wa ofisini unaambiwa una kiburi. Lakini moyoni nilikuwa nachemka. Yeye alinunua nguo mpya dukani, za kung'aa, na zikifuliwa mara tatu shingo zinalegea na mishono inaanza kucheka. Nyani haoni kundule.

Basi mwaka jana akatoka likizo Nairobi, akasimama katikati ya ofisi, akajizungusha na kutuambia sketi yake ni ya thrifti. Akatuhubiria kwamba siku hizi watu wenye akili hawanunui nguo mpya ovyo. Wananunua zilizokwisha kuvaliwa, zenye kitambaa cha maana, na hiyo ndiyo busara ya kutumia pesa. Nilimuuliza thrifti ni kitu gani. Akafikiri kidogo, akajibu kwamba ni kama mitumba, lakini si mitumba.

Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Mama yangu kule Nyamira alitulea kwa mitumba, akachekwa kanisani kwa ajili yake, na hakuna aliyewahi kumwita mwenye busara. Na busara alikuwa nayo. Sokoni alikuwa haangalii rangi kwanza. Aliigeuza nguo ndani nje, akavuta mshono, akainusa, akasema uso wa nguo ni wa kuuzia, tumbo lake ndilo la kuvaa. Halafu anauliza swali lake la siku zote: "Hii ni ya nani?" Kama hakuna mtu nyumbani anayeingojea nguo ile, kwa jina lake na kwa shida yake, aliirudisha mezani hata kama ni ya bei ya bure. Sisi watoto tuliona aibu na kumvuta kanga twende.

Kwa hasira hiyo nikafanya upumbavu. Nilitaka kumwonyesha mwenzangu kwamba thrifti yake sisi tunaijua tangu zamani, nikamtajia mwanamke Mkamba anayeuza makoti soko la Suneka, ambaye akikata belo, lile robota la mitumba, huniwekea kamera, yaani zile nguo za kwanza kabisa, kabla wengine hawajatia mikono na kubakisha fagia, mabaki ya mwisho. Wahenga walisema usimwage mtama penye kuku wengi. Mimi niliumwaga penye kuku mmoja tu na bado ukaisha.

Ilipofika Julai mama alianza kukohoa. Anachuma chai yake mwenyewe asubuhi na mapema, majani yakiwa bado na umande, na koti lake la zamani lilikuwa limekwisha bitana hata upepo unapita. Siku hiyo nilizungumza naye kwenye simu kwa muda mrefu, kwa Kigusii, nikamsikia anakohoa katikati ya maneno. Nilipokata nikampigia yule Mkamba hapo hapo.

"Niwekee koti zito la baba," nikamwambia. "La kuchumia chai."

"La mzee," akasema. "Nimeelewa."

Hakuelewa, na kosa lilikuwa langu. Kwa Kigusii mama mzazi ndiye baba, na baba mzazi ndiye tata. Shuleni tulichapwa hadi tukaacha kuyachanganya, lakini nikiwa na wasiwasi ulimi wangu hurudi kwao. Naye aliposema mzee sikushtuka, kwa sababu mama ni mzee.

Siku ya soko nilifika Suneka, yule Mkamba akavuta chini ya meza koti jeusi la kiume, refu, mabega kama mlango. Nilimwambia baba yangu alifariki nikiwa mtoto, koti ni la mama. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa, akanikumbusha maneno yangu mwenyewe. Ndipo nikaelewa, nikataka kucheka, lakini nikamuuliza kama lilikuwepo la kike. Lilikuwepo. La kijani kibichi, la sufu, lenye kofia na bitana nzima, ndilo lililokuwa kamera ya belo zima. Lilichukuliwa asubuhi ileile na mwanamke aliyesema anafanya kazi na mimi.

Jumatatu nililikuta ofisini. Alikuwa anajipiga picha nalo dirishani. Nilimweleza habari ya mama, kikohozi na umande, nikamwomba aniuzie kwa bei yoyote anayotaka. Akalipapasa lile koti kifuani.

"Ningekuachia," akasema, "lakini linaingiana na buti zangu."

Nilirudi kwenye meza yangu nikapiga mihuri kwenye karatasi kwa nguvu hadi mkubwa wetu akachungulia kujua kuna nini. Niliona dhuluma tupu. Mtu ananicheka miaka yote, halafu anakuja kwenye meza yangu ya soko, anachukua koti la mama yangu kwa ajili ya buti, na eti yeye ndiye mwenye kununua kwa busara.

Nilimpelekea mama lile la kiume. Alipolivaa mikono ilipotelea ndani ya mikono ya koti, akawa kama mlinzi wa benki. Nilipomweleza lile kosa la baba na tata alicheka hadi akakohoa, na kile kikohozi kilinikata. Nilirudi mjini nimeona haya, kwa sababu nilikuwa nimempa mama yangu makosa ya ulimi wangu avae.

Baada ya wiki chache mwenzangu aliingia na mfuko mkubwa. Alisema anapunguza nguo, nyumba imejaa. Juu kabisa ya mfuko lilikuwa koti la kijani. Nilikuwa nimemwona nalo mara nne, si zaidi.

"Mpelekee mama yako," akaniambia mbele ya wote. "Najua watu wa kijijini wanateseka."

Mama yangu hajawahi kuomba mtu nguo. Anauza chai yake, anakula ndizi zake, na koti lile ningelinunua kwa pesa zangu laiti yeye angenipisha. Sasa alikuwa ananirudishia kama sadaka, na ofisi nzima inamsifu jinsi alivyo na moyo mzuri. Nilitaka kumtupia usoni. Halafu nikakumbuka kikohozi. Nililichukua, nikasema asante.

Jumapili nikaenda Nyamira. Nilimkuta mama anatoka shambani, kikapu mgongoni, amevaa lile jeusi. Alikuwa amelikata mikono na kuipinda vizuri kwa sindano, na kipande kilichobaki amekifanya kola ya kufunika shingo. Alikuwa hakohoi. Nilimketisha nikammwagia hadithi yote, thrifti, buti, picha za dirishani, sadaka, huku napiga meza kwa kiganja. Nilisema kuna watu wanaogeuza kila kitu kuwa pambo lao, hata baridi ya wengine. Mama alisikiliza huku amelishika lile la kijani. Aliligeuza ndani nje, akavuta mshono, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ni zuri," akasema. "Ni la nani?"

Nikamwambia ni lake. Akasema yeye ana lake, na mwili ni mmoja. Nikabisha kwamba hili ndilo la kike, hili lina kofia, hili ndilo nililolitaka tangu mwanzo. Alinitazama kuanzia mabegani hadi chini, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimevaa koti la kahawia ambalo hakuwahi kuliona.

"Wewe uko na makoti mangapi?" akaniuliza.

Nilianza kuhesabu kwa ajili ya kumjibu. La kahawia hili. Jekundu linaloning'inia nyuma ya mlango wa ofisi. Mawili ndani ya sanduku. Lile la mistari ambalo halinitoshi, nililichukua kwa sababu lilikuwa kamera na lilikuwa rahisi. Mengine yako juu ya kabati, na sikuweza kukumbuka rangi zake. Mdomo nilioufungua kumsema mwenzangu ulikuwa bado wazi.

"Na hayo yote," mama akasema, "ni ya nani?"

Akalikunja lile la kijani, akaniwekea mapajani, na kuniambia nikifika mjini nilitafutie mtu anayelingojea.